Kabla mvua ya mwaka haijaingia

Kaskazi ikianza kuchoka, wa kwanza kujua ni mwenye kuanika nguo. Tangu Desemba shuka na leso zimekuwa zikivutwa upande mmoja wa kamba, zikikauka huku bado unasuuza za mwisho. Halafu, mwishoni mwa Machi, zinaning'inia wima adhuhuri nzima bila kutikisika. Alasiri unakuja upepo kidogo wa matlai, jioni unageuka, usiku haupo kabisa. Wavuvi wa Malindi, Mayungu na Ngomeni wanakiita kipindi hiki maleleji, na hawana raha nacho, kwa kuwa anayetweka tanga asubuhi hajui upepo wa kumrudisha utatoka wapi. Nyumbani mambo ni kinyume. Kwangu mimi, mwaka hauna wiki tamu kuliko hizi zilizobanwa kati ya jua linaloondoka na mvua ya mwaka ambayo haijafika.

Joto halijapungua, tusidanganyane. Machi na mwanzo wa Aprili ni siku kali kabisa katika pwani hii; mchana hupita nyuzi 30, na usiku ukuta wa tofali unaendelea kutoa moto ulioumeza tangu asubuhi. Lakini mji umetulia. Wageni waliojaa Watamu na Malindi tangu Krismasi wamerudi kwao. Hoteli kadhaa zinajiandaa kufunga Aprili na Mei ili zipakwe rangi na kuezekwa upya. Dereva wa tuktuk ana wakati wa kukuuliza habari za watoto. Na mwenye nyumba, kutoka Takaungu mpaka Mambrui, anapata nafasi ya kuitazama nyumba yake na kujiuliza itaipokeaje mvua.

Wazee walikuwa na njia zao za kujua siku imekaribia. Walihesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Miongo 36, kisha siku 5 za mwisho zinazoitwa gatha. Mwenye kushika hesabu hiyo alijua mwongo wa kufyeka, mwongo wa kuchoma majani na mwongo wa kutia mbegu ardhini. Asiyeshika hesabu alitazama mbingu. Machi, baada ya swala ya magharibi, Kilimia bado kinaonekana upande wa machweo, kile kishada kidogo cha nyota kilichobanana. Kila jioni kinashuka kidogo. Mwisho wa Aprili kinamezwa na mwanga wa jua, kikizama na jua kama wasemavyo, na kitakapoibuka tena alfajiri mwezi wa Juni kitakuta nchi imelowa. Mtoto wa miaka saba anaweza kuonyeshwa jambo hilo akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Halitaki simu wala chombo chochote, linataka mtu mzima mwenye dakika kumi na ua usio na taa kali.

Kazi ya kwanza ni paa. Nyumba za bati zimeongezeka, lakini bado makuti ni mengi, hata kwa wenye bati, kwa kuwa jiko la nje na kibanda cha kupumzikia ni vya makuti. Kutafuta matundu ni kazi ya adhuhuri, jua likiwa utosini. Unatandika mkeka ndani, unalala chali, na paa lenyewe linakuonyesha lilipochoka: mwanga unaingia kwa vidoa vya mviringo, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vya kutosha kupitisha kidole. Fundi yuko juu, naye kutoka juu haoni kitu, makuti yote ni ya rangi moja. Kwa hiyo aliye ndani anachukua kijiti kirefu, anakisukuma kwenye tundu mpaka kichwa chake kitokeze nje, na aliye juu anaitikia, "Nimekiona, toa!" Watoto hugombania kijiti hicho. Mchana mzima unapita hivyo, kwa makelele na vumbi la makuti likiingia machoni, na hakuna anayelalamika.

Kuti lenyewe lina kazi ambayo wengi wetu tunailipia bila kuijua. Kuti la viungo huanza na jani la mnazi lililokauka. Vijani vyake huchanwa kutoka kwenye upongoo, hulowekwa majini mpaka vilegee, kisha kimoja kimoja hukunjwa juu ya ufito na kushonwa kwa miyaa ya mkoma, ili visichomoke upepo ukivuma. Mama aliyeizoea kazi hii hatazami mikono yake. Anazungumza nawe kuhusu bei ya mafuta ya taa huku kuti linarefuka pajani mwake. Fundi akipanda juu, huanza kwenye upenu, safu juu ya safu, akifunga kwenye fito zilizolala juu ya makombamoyo, mpaka mgongo wa nyumba. Safu zikibanana na paa likiwa na mteremko mkali, maji hayapati pa kusimama. Paa lililolazwa sana huoza mapema, na hilo nimeliona kwenye majumba ya fahari yaliyochorwa na wasanifu wa mbali waliopenda umbo la makuti bila kuuliza kwa nini wazee waliyasimamisha vile.

Baada ya paa, kuna jua la kuwahi. Jua hili la mwisho ni mali, na jikoni linajulikana hivyo. Ndimu ni nyingi, na jua la kuivisha achari lina siku chache tu. Ndimu huchanwa mara nne bila kutenganishwa chini, ikafunguka kama ua, ikajazwa chumvi na pilipili iliyopondwa, kisha ikapangwa kwenye chupa ya kioo pamoja na maji ya ndimu nyingine. Chupa hutolewa nje kila asubuhi, ikawekwa juani, na kuingizwa ndani magharibi. Siku za mwanzo hakuna kinachotokea. Ndimu zimekaa kijani, ngumu, chumvi imetuama chini. Halafu rangi inaanza kuhama, kwanza manjano, kisha kahawia ya asali, ganda linalainika, maji yanakuwa mazito. Ukifungua mfuniko, harufu inakufikia kabla pua haijakaribia. Achari iliyopata jua la Machi itakaa mpaka mwaka mwingine, na wali wa nazi wa mwezi wa Juni, mvua ikigonga paa, hautaki kitoweo kikubwa ikiwa chupa hiyo ipo.

Embe nazo zinaaga. Msimu mkubwa ulioanza Novemba unamalizikia hapa. Ngowe ndefu zimekwisha, boribo zimebaki chache juu kabisa, na zile za juu kabisa ni haki ya popo. Zilizoanguka zikiwa mbichi hukatwa vipande, hutiwa chumvi, huanikwa kwenye ungo, kisha hupikwa kwa siki, bizari, kitunguu thomu na pilipili. Zilizoiva huingia kwenye ndoo na kupelekwa kwa jirani. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu naona jambo hili linafifia na linaniuma. Ndoo ikienda kwa jirani na embe, hairudi tupu. Itarudi baada ya siku mbili tatu ikiwa na mihogo, au fungu la mchicha, au korosho zilizobanguliwa, au hata kiganja cha majani ya mrehani kama mwenyewe hana kingine. Hakuna anayepima. Lakini chombo kikirudi kitupu, kuna kitu kimevunjika baina ya nyumba hizo mbili, na wote wanajua. Siku hizi tunapeana mifuko ya karatasi isiyorudishwa, na bila kujua tumeondoa sababu ya mtu kubisha hodi mara ya pili.

Korosho nimezitaja. Mavuno yake yamekwisha Februari, lakini kila nyumba yenye mikanju imeweka gunia la akiba, na maleleji ndiyo siku za kuzichoma, kwani kwenye mvua hazishiki moto vizuri. Hilo hufanyika nje, mbali na mlango, upande ambao moshi hauingii ndani, maana mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi na moshi wake hukwangua koo. Karai la bati lililotobolewa huwekwa juu ya mafiga. Korosho zikipata moto hutoa mafuta, mafuta yanawaka, na kwa muda mfupi karai zima ni ndimi za moto. Mwenye kuchoma hulipindua mchangani na kuzifunika kwa mchanga. Kisha watu hukaa duara na mawe yao, wakigonga. Kilifi mjini palikuwa na kiwanda kikubwa cha korosho ambacho kilikufa miaka ya 1990, na wakulima wengi walikata tamaa na mikanju yao. Duara la mawe halikufa. Linaendelea chini ya mikanju ileile, na korosho iliyogongwa na dada yako, ikiwa na doa jeusi la moshi upande mmoja, ina utamu ambao iliyofungwa kwenye pakiti haijaupata.

Jioni ni sura nyingine. Joto linawafukuza watu ndani, nao wanaufuata ua na baraza. Miaka hii Ramadhani imekuwa ikituangukia karibu na siku hizi. Mwaka 2023, 2024 na 2025 ilianza Machi, na futari ya mihogo ya nazi na kaimati ililiwa kwenye mkeka chini ya mwarobaini, maana nani angeweza kukaa chumbani. Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na itatuacha, lakini mkeka utabaki. Nyumba nyingi hulala nje siku hizi za joto, au angalau hukawia nje mpaka usiku wa manane. Mazungumzo ya saa hizo hayana haraka. Habari ambayo ingesemwa kwa sentensi moja mezani hupewa saa nzima.

Na yasmini. Mti huu mdogo unaopandwa karibu na mlango au penye maji ya kuogea hupenda jua kali ilimradi mizizi yake ina unyevu, na mwisho wa kaskazi hutoa maua kwa wingi. Atakayeyavaa huchuma alasiri, vikiwa bado vitumba vilivyofumba, vyeupe vyenye wekundu hafifu kwa nje. Hutungwa kwenye uzi kwa sindano nyembamba, kimoja baada ya kingine, vyote vikitazama upande mmoja. Vikiwa shingoni au kwenye nywele, magharibi inapoingia vinaanza kufunguka vyenyewe, na harufu inapanda polepole mpaka chumba kizima kinajua nani ameingia. Siku ya harusi huongezwa mrehani, langilangi na mkadi, vikafungwa kuwa vikuba. Nimewaona wanawake wa Mambrui wakitunga vikuba hivyo kwenye kibaraza, beseni la maua katikati, na msichana mdogo amepewa kazi ya kuchagua vitumba vilivyo sawa kwa ukubwa. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya uvumilivu, na mwalimu anamwita "mwanangu" hata anapomkemea.

Ua huu tunaoukalia una nasaba ndefu. Ingia Gede, katika magofu yaliyotangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1927 na kuchimbwa na James Kirkman kuanzia 1948 mpaka 1958. Watu huenda kuutazama msikiti mkuu na jumba la mfalme, nao wana haki. Mimi huvutwa na nyumba za kawaida, zile zilizopewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Karibu kila moja unaiingia kwa kupitia ua ulioshushwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, wenye baraza ya kukalia, na visima na vyoo viko karibu. Mji huo ulihamwa karne ya 17. Lakini kati ya waliojenga kuta zile za matumbawe na sisi hakuna tofauti kubwa katika swali la pale familia ilipokaa jua likizama.

Hata wale waliokuja na mizinga waliziona nyumba za pwani hii na bustani zake. Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, ndani ya maleleji yenyewe, na kumbukumbu za safari yake zinaieleza Malindi kuwa mji wa nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, uliozungukwa na minazi na mashamba ya nafaka na mboga. Alipewa rubani, akangoja, na Aprili 24 akaondoka. Kusi ilimfikisha Calicut Mei 20. Historia inaukumbuka ule mnara wa msalaba uliobaki ufukweni. Mimi hufikiria zile bustani za mboga, na watu waliokuwa wakizilima wiki ileile, wakiangalia mawingu ya kusini, wakiwa na shughuli zao muhimu zaidi kuliko meli tatu za wageni.

Kwa sababu ya nasaba hiyo ya ua, siipendi fasheni ya kuuziba kwa kabro. Naelewa ilikotoka. Vumbi la kaskazi linachosha, tope la mvua ya mwaka linachosha zaidi, na ua uliotandikwa vitofali unaonekana umemaliza kazi. Lakini tembea Malindi mjini saa nane mchana mwezi wa Machi, toka kwenye ua wa udongo wenye mwarobaini mmoja na uingie kwenye ua wa kabro usio na mti. Mwili utakwambia. Mti hunyonya maji ya chini na kuyatoa kupitia majani, na hewa inayouzunguka inapoa. Udongo hunywa mvua. Kabro haifanyi lolote kati ya hayo. Inahifadhi joto mpaka usiku, na Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika pwani hii, inayasukuma maji yote kwa jirani aliye bondeni. Na pale palipozibwa hapatoki mchicha, hapashuki kipepeo, mtoto hachimbi shimo. Anayetaka kabro aweke njia ya gari tu, auache udongo uliobaki upumue. Nalisema kwa nguvu kwa kuwa nimeona nyua nzuri zikizikwa na wenyewe wakajuta kiangazi kilichofuata.

Nimetaja kipepeo kwa makusudi. Kama una mndimu uani, kagua majani machanga siku hizi za unyevunyevu. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe. Kitazame vizuri, kitasogea. Ni kiwavi mdogo wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na amejivika sura hiyo ili ndege asimtamani. Akikua anabadilika kuwa wa kijani kibichi, na ukimgusa kidogo nyuma ya kichwa anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa zinazonuka vikali. Mtoto atafanya hivyo mara ishirini, na kila mara atacheka. Mkulima wa ndimu hampendi, lakini mti uliokomaa hauumii kwa majani machache.

Wakulima wanaozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke walifanya ajira ya jambo hili. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993, kwa wazo jepesi: anayeishi kando ya msitu atautunza kama msitu unamlisha bila kukatwa. Familia hupanda miti ya chakula cha viwavi, hufuga viwavi ndani ya vizimba vya wavu, na kupeleka pupa Gede, kutoka hapo zikasafirishwa mpaka Ulaya na Marekani, zikaanguliwe kwenye nyumba za maonyesho. Pupa haingoji, ikishajifunga, ina siku chache kabla ya kupasuka, kwa hiyo kila kitu huenda kwa mwendo wa haraka. Ninapoiona nyumba ya maonyesho ya vipepeo pale Gede, karibu na magofu, nafurahi kwamba kitu kilichoanza uani, kwenye vichaka vya mtu aliyekuwa akiuona msitu kama adui na maficho ya nyani waharibifu, kimekuwa ada ya shule.

Wengine nao wanafunga safari siku hizi. Kwenye mikoko ya Mida, maji yakitoka, tope limejaa ndege wa ufuoni wanaokula kwa pupa kwa sababu safari iko mbele yao. Wadogo wanarudi nchi za kaskazini ya mbali, hadi Siberia, kutaga. Yule mkubwa mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa anaelekea Pembe ya Afrika na Ghuba, ambako hutaga ndani ya mashimo mchangani. Kwenda kuwaaga hakuna gharama zaidi ya nauli ya matatu na kiingilio cha daraja la kamba lililoning'inizwa juu ya mikoko.

Turudi shambani. Anayekaa Kilifi vijijini, Kaloleni, Bamba, Marafa, hana raha kamili mpaka mbegu yake ina uhakika. Mahindi ya mbegu yamening'inizwa juu ya jiko, kwenye uchaga, yakipigwa moshi mwaka mzima ili fukusi asiyasogelee. Magunzi yamekuwa meusi, punje ndani ni safi. Mdzihana na kanjerenjere, mbegu za kienyeji, bado zina watu wao, ijapokuwa aina za Pwani zilizozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Mtwapa zimeenea. Kinachonivutia ni ule ukaguzi wa mbegu. Bibi anashusha gunzi, anapukusa punje za katikati tu, za nchani na za chini anaziweka kando kwa kuku au kwa sima, kisha anazimimina kutoka kiganja hadi kiganja akisikiliza. Iliyotobolewa ina mlio wake. Mjukuu akisema "Shikamoo nyanya" anajibiwa "marahaba" bila kuinuliwa macho, kisha anapewa kibuyu ashike.

Raha hii imewahi kukatika. Tangu mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na Ganze na Magarini zilionja uchungu huo. Watu walipanda, ikanyesha siku mbili, jua likachoma mche. Wakapanda tena mbegu ya akiba, nayo ikaenda. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Nino, ikafurika. Kwa hiyo mtu anapokwambia anaona raha kutazama wingu, elewa kwamba kuna hofu ndani yake. Nyumba iliyopoteza mbegu yake ya ukoo inategemea jirani aliyebakiwa na vibaba viwili, na nilichokiona baada ya ukame ule ni kwamba waliobakiwa walitoa. Mbegu ilisafiri kwenye fundo la leso kutoka kijiji hadi kijiji kabla lori lolote halijafika.

Mvua yenyewe, ikija, haibishi hodi. Usiku mmoja upepo wa kusi unaingia kutoka baharini kwa baridi, mlango unagonga, watu wanakimbia kukunja mikeka. Maji ya mwanzo kutoka kwenye bati huachwa yamwagike, yaoshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo bomba huelekezwa kwenye tangi. Wenye mabomba ya maji ya Baricho wanajua kwamba hata hayo hukatika, na tangi lililojaa Mei ni amani ya nyumba. Baada ya wiki mbili tatu, bila kupandwa na mtu, mtsunga unachipua shambani na kando ya njia. Huchumwa ungali mchanga, hupikwa pamoja na mnavu ili uchungu upungue, hutiwa tui zito la nazi, ukaliwa na sima ya moto. Mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi hukuuliza kwa simu, kabla ya salamu kukamilika, kama mtsunga umetoka.

Lakini hatujafika huko. Bado nguo zimesimama wima kwenye kamba. Mashimo ya miche ya mvinje kutoka kwa watu wa utafiti wa misitu pale Gede hayajachimbwa, upenu wa nyuma haujashonwa, na mapando ya muhogo wa kibandameno niliyoahidiwa bado yako kwa jirani yangu, mama mzee mwenye embe nyingi na kumbukumbu kali. Asubuhi nimepita kwake kuyaulizia. Alikuwa akifagia chini ya mwembe.

"Mapando yako yako tayari, mwanangu, nimeyafunga jana," akasema. "Ndoo yangu iko wapi?"

Nikamwambia nitaileta jioni.

"Jioni sawa. Tia na ndimu, zangu zimekwisha."